Sindano tano na soksi ya pili

Soksi ya kwanza iliisha Jumapili jioni. Ina rangi ya maziwa, inamkaa vizuri kijana wa miaka 14, na kisigino chake kimegeuka bila kuacha tundu. Ya pili bado ina urefu wa vidole vitatu. Imo kwenye kikapu juu ya kabati, sindano zake zote zikiwa bado mahali pake, na haijaguswa tangu siku hiyo.

Wanaofuma wanaujua ugonjwa huu. Soksi ya kwanza hufumwa kwa hamu ya kuona kama itawezekana. Ya pili hufumwa kwa sababu tu mtu ana miguu miwili.

Mwenye kikapu ni mama wa watoto watatu anayeishi Njombe mjini. Mumewe ni mwalimu. Kijana ana miaka 14, binti 10, kitindamimba 6. Mama huyu si fundi wa sweta. Hana mashine wala kibanda sokoni. Anafuma usiku, vyombo vikishaoshwa na daftari za watoto zikishakaguliwa, saa moja hivi, wakati mwingine nusu saa kabla macho hayajagoma. Miaka mitatu iliyopita alikuwa hajawahi kushika sindano ya kufumia sweta. Alijua kroshia ya vitambaa vya makochi, kama wasichana wengi wa rika lake. Lakini kwao ni Muheza, mkoani Tanga, kwenye joto na machungwa, na Muheza mtu akivaa sweta watu humuuliza kama ana malaria.

Mumewe alipopata uhamisho walifika Njombe mwezi Juni. Mji huo uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10. Walikuja na mashuka, chandarua na feni.

Wiki ya nne ndiyo waliyoingiza jiko chumbani.

Walifanya wanavyofanya wengi. Mkaa uliachwa nje mpaka ukaiva wote na moshi ukaisha, kisha jiko likawekwa kwenye chumba cha watoto, dirisha likafungwa, na kanga ikakunjwa na kusukumwa chini ya mlango ili joto lisitoke. Mama aliamka usiku kwa sababu alisikia kishindo. Kijana, wakati huo akiwa na miaka 11, alikuwa ameanguka karibu na mlango. Alisema kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Kitindamimba alikuwa ametapika kitandani na amelala tu. Binti aliitwa mara kadhaa ndipo akafumbua macho.

Baba alitupa jiko nje, wakafungua kila kilichofungwa, wakaita bajaji. Hospitalini watoto wote watatu waliwekwa kwenye oksijeni, na mchana wa siku iliyofuata waliruhusiwa.

Mzazi unayeishi Makete, Mufindi, Lushoto au popote penye baridi ya namna hiyo, lijue hili kabla ya mengine yote yaliyomo humu. Kuisha kwa moshi si kuisha kwa hatari. Mkaa mwekundu unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kanga iliyo chini ya mlango hufanya mambo yawe mabaya zaidi.

Siku waliyorudi kutoka hospitali, bibi jirani alikuja kuwaona. Ni mwenyeji wa hapo, Mbena, mjane, na anafuma tangu ujana wake.

“Kamwene,” alisema mlangoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Akawatazama watoto mmoja mmoja, akatazama miguu yao kwenye sakafu ya saruji. “Mwanangu, baridi ya huku hamuifukuzi kwa moto wa chumbani. Mnaifukuza kuanzia miguuni.”

Jioni alirudi na jozi mbili za soksi nene, kuukuu, na sindano tano alizozifunga kwa mpira. Sindano zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli zilizokatwa na kunolewa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini.

Masomo yalianza na soksi isiyo na kisigino, na huo ndio ushauri ambao mzazi anayeanza leo angeufuata bila hasara. Unaanzisha vitanzi 44, unavigawa 11 kwa kila sindano nne, na ya tano inafanya kazi. Pindo la juu linafumwa viwili vya wazi na viwili vya kugeuza, ili livutike na kushika mguu. Baada ya hapo unaendelea kuzunguka kwa mtindo huohuo wa viwili viwili, lakini kila baada ya mistari michache unausogeza kitanzi kimoja pembeni, hivyo mbavu za soksi zinapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Ukifika mwisho unapunguza na kufunga. Mguu wa mtoto unapokua kisigino nacho husogea, na soksi yenye kisigino kilichofumwa hupitwa na wakati mapema. Hii isiyo nacho hukaa popote inapovutwa. Pia haichakai sehemu moja, kwa sababu kila siku inavaliwa ikiwa imegeukia upande tofauti.

Bibi alikuwa mkali kwenye mambo mawili. Soksi ya kulalia iwe kavu. Ile mtoto aliyoshinda nayo kwenye viatu ina jasho hata kama haionekani, na mguu wenye unyevu haupati joto usiku kucha. La pili ni nyuzi za ndani. Kabla ya kumvalisha mtoto mchanga soksi ya kufuma, ipindue nje ndani na utazame. Uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukibana mpaka damu isipite. Mtoto atalia, nawe utadhani ni tumbo. Kata kila mkia wa uzi, ufiche ncha zake, na mtoto akilia bila sababu inayojulikana, mvue soksi uhesabu vidole.

Kufikia Septemba mwaka ule kila mtoto alikuwa na jozi mbili. Zilikuwa mbaya kwa sura. Moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa nusu shubiri, na ya binti ilikuwa na tundu pale kitanzi kilipodondoka bila kuonekana. Lakini jiko lilibaki jikoni, mlango ukiwa wazi, watoto wakilizunguka mpaka saa ya kulala, kisha soksi, blanketi mbili, na kitanda kimoja kwa wadogo wawili.

Mwaka uliofuata mama akaamua kufuma sweta. La kwanza liwe la kijana, aliyekuwa amefikisha miaka 12.

Uzi mpya ni ghali, hivyo alifanya alivyofundishwa na bibi: akaenda mnadani kutafuta masweta ya mtumba ya kufumua. Hapo pana ujuzi wake. Sweta likipinduliwa, tazama mshono wa ubavuni. Ukiwa umeunganishwa kwa uzi unaoachia kama mnyororo, kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na uzi wake ni mrefu. Ukiona limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, hata liwe zuri namna gani, maana kila mstari umeshakatika na utaishia na rundo la vipande vifupi. Kama hujui ni sufu au akriliki, choma kipande kidogo cha uzi ukiwa nje, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu ina joto zaidi, hata ikilowa kidogo. Akriliki haiwashi ngozi na inavumilia kufuliwa na msichana wa miaka 10.

Alipata la sufu, kubwa, rangi ya maziwa. Alilifumua, akaufunga uzi kwa duara kubwa legevu, akauloweka kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua, kisha akauanika kivulini ukiwa umening’inizwa na kopo la maji ili mikunjo inyooke.

Kifua cha kijana kilikuwa sentimita 71. Ukiongeza 8 za kupumulia ni 79. Alifuma kipande cha majaribio, akahesabu vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Hivyo sweta zima lilihitaji vitanzi 174, yaani 87 mbele na 87 nyuma. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mkono. Kipande cha majaribio alikifuma wiki ambayo kitindamimba alikuwa na homa, na mtu mwenye wasiwasi hukaza uzi bila kujua. Sweta lenyewe akalifuma kwa raha, na raha ilitoa vitanzi 20 kwa sentimita 10. Tofauti ya viwili tu. Lakini 174 kwa hesabu hiyo ni sentimita 87, na kijana alipolivaa, mabega yalimwangukia hadi nusu ya mkono.

“Linafanana na gunia la mkaa,” alisema. Akalivua, akalikunja kwa adabu, akaliweka kwenye kiti.

Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Mama hakusema kitu. Alilitazama kwenye kiti kwa wiki tatu hivi, watu wakikaa juu yake.

Kisha siku moja baba akiwa kwenye kikao na wadogo wamelala, alilichukua akaanza kulifumua. Kufumua peke yako ni taabu, uzi unajifunga. Kijana alikuwa mezani na kitabu ambacho alikuwa hakisomi. Bila kuitwa akaja akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono yote miwili mbele, na mama akaanza kumzungushia uzi kwenye viganja.

Aliyewahi kushikia uzi anajua kuwa huwezi kuondoka. Mikono imefungwa, na wala huhitaji kumtazama aliye mbele yako, maana nyote wawili mnatazama uzi. Walikaa hivyo kimya mpaka mgongo wa sweta ukawa nusu.

Ndipo kijana akasema kwamba usiku ule wa jiko aliamka mapema kuliko walivyojua. Alimsikia mdogo wake akitapika. Alitaka kuinuka akashindwa, akafikiri anaota, akalala tena. Hakujua alilala kwa muda gani mpaka alipoamka mara ya pili na kujikokota kwenye mlango.

“Kama nisingeamka mara ya pili,” alisema, kisha hakumalizia.

Kwa mwaka mzima alikuwa halali. Alikuwa anasubiri nyumba inyamaze, halafu anakwenda kunusa mlango wa jikoni, ingawa alishaambiwa gesi ile haina harufu. Anarudi, anasikiliza wadogo wanavyopumua. Shuleni alikuwa anasinzia. Walimu walikuwa wameshamwita baba yake mara mbili, na nyumbani alikuwa ameshachapwa kwa uvivu na kunyang’anywa simu, kwa sababu wazazi waliamini anachezea simu usiku.

Mama aliendelea kuzungusha uzi. Baadaye alimwambia bibi kwamba angeacha mikono yake isimame, mtoto angenyamaza. Alimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama bado anafanya hivyo mpaka leo. La pili, kama angependa kulala upande wa mlango. Akajibu ndiyo, na ndiyo.

Usiku huohuo mume na mke waliongea mpaka saa saba. Baba ndiye aliyemwendea mtoto asubuhi, akamwomba radhi kwa fimbo. Wakakubaliana kuwa kila usiku, kabla ya kulala, kijana na baba yake watatoka pamoja kumwagia maji makaa yaliyobaki, na mtoto ndiye atakayesema yamezimika. Walifanya hivyo miezi kadhaa. Siku moja kijana alimwambia baba yake aende peke yake, yeye ana usingizi.

Wazazi wengine hupata mazungumzo ya namna hii wakichambua mchele au wakimenya viazi. Wanaowakalisha watoto kwenye kochi na kuwaambia “haya, tuongee” ndio mara nyingi huambulia “hakuna kitu, mama.”

Uzi ule ukawa sweta la kitindamimba, na safari hii kipande cha majaribio kilifumwa mara mbili, siku mbili tofauti. Lilikaa. Sweta la binti lilifuata, la akriliki nyekundu, likachelewa kwa sababu ya biashara. Majirani walikuwa wameona. “Mama, huu ni mradi, unakaa na hela mkononi.” Akapokea oda moja ya jirani. Wiki tano watoto walikatazwa kugusa kikapu, binti akawa anaulizia sweta lake anajibiwa kwa ukali, na alipopiga hesabu ya jioni zote zile akaona fundi mwenye mashine angelimaliza kwa siku moja kwa bei ambayo yeye hawezi kushindana nayo. Alikabidhi oda, akala hela yake, hakuchukua nyingine. Anayefuma kwa ajili ya riziki ana heshima yake. Lakini si kila kitu mama anachokipenda lazima kiende sokoni.

Binti naye ameanza skafu. Alianzisha vitanzi 20 na sasa ana 31, hajui vimetoka wapi. Mama anajua: kila mwanzo wa mstari anaupitisha uzi juu ya sindano na kitanzi kimoja kinaonekana viwili. Hajamwambia bado. Skafu inapanuka kama barabara inayoingia mjini, na mwenyewe anaipenda.

Kijana amekataa sweta jingine lolote. Yuko sekondari, na sweta la shule linanunuliwa. Lakini mwezi uliopita aliomba soksi. Soksi zimo ndani ya viatu, hakuna anayeziona. Akaomba zenye kisigino cha kweli, kama za dukani.

Hapo pakawa na tatizo, maana mama hakuwahi kugeuza kisigino akiwa peke yake. Bibi amekwenda Iringa kwa bintiye baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na ameambiwa asichoshe macho. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa anafuma kwa kupapasa, akihesabu vitanzi kwa ncha ya kidole gumba, na aliukataa kabisa uzi mweusi.

Kwa hiyo kisigino kiligeuzwa kwa simu. Soksi ya kijana ina vitanzi 56. Nusu yake, 28, hufumwa peke yake kwenda na kurudi, mistari 28, mpaka iwe kama mkia wa shati. Hapo ukaunganisha na uzi mwembamba wa nailoni, ufumwe pamoja na sufu, kwa sababu kisigino ndicho kinachotoboka kwanza. Kisha unafuma katikati tu na kurudi, kila mara ukila kitanzi kimoja cha pembeni, na kitambaa kinaanza kujikunja kama kikombe.

“Umebakiza vingapi?” bibi aliuliza.

“Kumi na sita, bibi.”

“Basi imeshageuka. Okota 14 upande huu na 14 upande ule, uzunguke.”

“Vimekuwa 72.”

“Ndiyo. Punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja mpaka urudi kwenye 56. Mara nane. Usinipigie tena, kapike.”

Hiyo ndiyo soksi iliyoisha Jumapili. Jumatatu mama alisema amechoka. Jumanne umeme ulikatika. Jumatano kulikuwa na sare za kupiga pasi.

Alhamisi usiku kijana alipita sebuleni akienda kulala. Mguu wa kulia alivaa soksi ya rangi ya maziwa, wa kushoto alivaa ya shule, ya kijivu, imelegea hadi kwenye kifundo. Alisimama mbele ya kabati akakitazama kikapu.

“Mama,” alisema, “na huu mguu mwingine unaishi Njombe.”